Ndege ndogo na kona ya mwisho: Somo lisilopaswa kuachiwa bahati

KWA msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa ndege ndogo, safari ni ya dakika 20 hivi. Huketi nyuma ya rubani, karibu kiasi cha kuweza kumgusa bega, akitazama sindano za vipimo zikicheza mbele yake na maji ya mkondo wa Zanzibar yakimetameta chini. Akiulizwa anaogopa nini, wengi watajibu kwamba wanaogopa injini kuzima.

Hofu hiyo ina msingi wake. Hata hivyo, si hiyo inayowakosesha usingizi zaidi wachunguzi wa ajali za ndege za aina hii. Ripoti za uchunguzi, hasa katika nchi ambazo zimetunza kumbukumbu kwa muda mrefu, zinaonyesha kwamba idadi kubwa ya ndege ndogo zinazoua watu huanguka injini ikiwa inanguruma kama kawaida na mafuta yakiwa yamo tangini. Kilichoshindwa ni bawa, na aliyelishindisha, mara nyingi bila kujua, ni rubani mwenyewe.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (NTSB), ilipochambua ajali zenye vifo zilizohusu ndege ndogo za mabawa kati ya mwaka 2008 na 2014, ilibaini kuwa karibu nusu yake zilitokana na rubani kupoteza udhibiti wa ndege angani. Kuanzia mwaka 2015 bodi hiyo iliingiza suala hilo katika orodha ya mambo inayotaka yarekebishwe kwa haraka zaidi.

Swali la kujiuliza ni hili: ikiwa chanzo kinajulikana, na kinga yake inajulikana, kwa nini marubani wanaendelea kufa kwa kosa lile lile lililowaua wenzao miaka mia moja iliyopita? Jibu, kwa mtazamo wa makala haya, halimo katika mitambo. Limo darasani, katika saa za mwanzo za mafunzo, ambako mambo mawili hufundishwa kwa haraka na kwa woga. La kwanza ni hali ya bawa kuacha kubeba, ambayo hapa tutaiita stoli. La pili ni namna ndege inavyoteleza kwa ubavu.

Bawa linapoacha kubeba

Neno stoli huwapotosha wengi, kwa kuwa katika gari hutumika injini inapozima. Katika urubani halina uhusiano wowote na injini. Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa hupita juu na chini yake kwa mpangilio, ikishikamana na umbo lake. Rubani anapovuta usukani, pua ya ndege huinuka, na pembe kati ya bawa na hewa inayokuja huongezeka. Kadiri pembe hiyo inavyoongezeka, ndivyo nguvu ya kuinua inavyoongezeka, lakini kwa kiwango fulani tu. Kwa mabawa ya ndege nyingi ndogo, kiwango hicho ni kati ya nyuzi 15 na 18 hivi. Pembe ikizidi hapo, hewa iliyo juu ya bawa hubanduka na kuvurugika, na nguvu ya kuinua hupungua ghafla.

Nahodha wa jahazi anaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko msomi wa mjini. Tanga likikabidhiwa upepo kwa pembe inayofaa, chombo hukata maji. Likikazwa kupita kiasi, upepo haulisukumi tena inavyopasa, chombo hupoteza mwendo na huanza kwenda mrama, hata kama upepo wenyewe haujapungua. Dawa yake ni kulegeza. Kwa rubani pia dawa ni kulegeza, yaani kuusukuma usukani mbele ili pembe ipungue na hewa ishikamane tena na bawa.

Dawa hiyo ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitumia. Ndege inapoanza kushuka na ardhi kuonekana ikija, silika ya binadamu humwamuru avute usukani, si ausukume. Kuvuta kunaongeza pembe, na pembe ikiongezeka stoli huwa kubwa zaidi. Hapo ndipo mafunzo yanapokuwa na maana, kwa sababu mtu hawezi kuishinda silika yake kwa kusoma kitabu pekee.

Tatizo hili lina umri sawa na urubani wenyewe. Mjerumani Otto Lilienthal, aliyeruka mara nyingi kwa vyombo visivyo na injini, alianguka tarehe 9 Agosti 1896 baada ya chombo chake kuinua pua na kupoteza nguvu ya kuinua, akafariki dunia siku iliyofuata mjini Berlin. Ndugu wawili Wilbur na Orville Wright, ambao mwaka 1903 waliruka kwa ndege yenye injini, walilifikiria sana anguko hilo walipokuwa wakibuni chombo chao.

Kasi pekee haitoshi

Kosa la kawaida kwa wanafunzi ni kuamini kwamba stoli hutokea kwenye kasi moja iliyoandikwa kitabuni. Tuchukue mfano wa Cessna 172, ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000, na ambayo imewalea marubani wengi wa Afrika Mashariki. Katika toleo lake la 172S, kitabu cha ndege kinaonyesha kuwa ikiwa imebeba uzito wake wa juu na flapu hazijateremshwa, ndege huingia kwenye stoli ikiwa na kasi ya takriban kilomita 89 kwa saa. Flapu zikiteremshwa zote, kasi hiyo hushuka hadi kama kilomita 74.

Takwimu hizo ni za ndege iliyonyooka. Ndege inapokata kona bila kupoteza mwinuko, mabawa hulazimika kubeba zaidi ya uzito wake, na kasi ya stoli hupanda. Kona ya nyuzi 30 huipandisha kwa asilimia 7 hivi, yaani kutoka kilomita 89 hadi 96. Kona ya nyuzi 45 huifikisha 106. Kona ya nyuzi 60, ambayo hulazimisha bawa kubeba uzito maradufu, huifikisha kilomita 126 kwa saa. Kasi ya kawaida ya kusogelea uwanja kwa ndege hiyo ni kati ya kilomita 113 na 120. Maana yake ni kwamba rubani aliye kwenye kasi sahihi kabisa ya kutua anaweza kuingia kwenye stoli kwa kukata kona kali tu, bila kupunguza hata kilomita moja.

Ndege yenyewe haimwachi rubani gizani. Cessna nyingi zina mlio wa tahadhari unaolia kabla ya stoli, na mara nyingi usukani hulegea na kiunzi hutetemeka. Lakini rubani aliyebanwa na mambo mengi, anayezungumza na mnara, anayetafuta ndege nyingine na kuhesabu umbali wake na uwanja, anaweza kuusikia mlio huo na asiuelewe.

Mitelezo miwili, hatima mbili

Hapa ndipo linapoingia somo la pili. Ndege huongozwa kwa viungo vitatu: vibawa vya pembeni vinavyoilaza upande, bamba la mkia wa wima linalogeuza pua kushoto na kulia kwa kanyagio za miguu, na bamba la mkia wa ulalo linaloinua na kushusha pua. Mikono na miguu ikikubaliana, ndege hukata kona kwa unyoofu, na kipira kidogo kilichomo ndani ya kipimo mbele ya rubani hubaki katikati. Isipokubaliana, kipira hukimbilia upande mmoja, na ndege huteleza.

Kuna mtelezo wa ndani na mtelezo wa nje. Katika mtelezo wa ndani, ndege imelala zaidi ya inavyogeuka, hivyo husogea kuelekea ndani ya kona. Katika mtelezo wa nje, pua imegeuzwa kwa mguu kuliko ndege ilivyolala, na ndege husukumwa nje ya kona, kama gari linaloserereka kwenye barabara ya utelezi. Abiria anaweza asione tofauti yoyote, ila kuhisi mwili wake ukivutwa upande. Kwa rubani aliye karibu na ardhi, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Mtelezo wa ndani ni chombo cha kazi. Rubani akijikuta juu sana na uwanja uko karibu, anaweza kuilaza ndege upande mmoja na kukanyaga kanyagio la upande wa pili. Ndege huupa upepo ubavu wake, ukinzani huongezeka, nayo hushuka haraka bila kuongeza kasi. Upepo unapovuma kwa ubavu wakati wa kutua, mtelezo wa namna hiyo hiyo, lakini mdogo zaidi, ndio unaoiweka ndege kwenye mstari. Njia kuu ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere imeelekea kaskazini mashariki na kusini magharibi. Upepo wa kusi, unaotoka kusini mashariki, huipiga kutoka ubavuni. Rubani wa ndege ndogo asiyejua kuteleza kwa makusudi hana raha katika miezi hiyo.

Ushahidi mkubwa wa thamani ya stadi hiyo ulitolewa na ndege ambayo haikuwa ndogo hata kidogo. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 angani, baada ya makosa ya kubadili vipimo vya mafuta wakati wa kujaza. Kapteni Robert Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha vyombo visivyo na injini, aliielekeza kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi wa Gimli katika jimbo la Manitoba, Kanada. Alipogundua kuwa yu juu mno, na kwamba hana injini ya kumwezesha kuzunguka tena, aliitelezesha ndege hiyo kubwa kwa ubavu kama mtu anayerusha ndege ya mafunzo. Watu wote 69 waliokuwamo walinusurika.

Mtelezo wa nje hauna sifa hizo. Ni kosa, na ndio unaochimba kaburi katika kona ya mwisho.

Sekunde chache za kona ya mwisho

Tukio lenyewe hufuata utaratibu unaofanana kiasi cha kutisha. Rubani anakaribia kutua. Amechelewa kukata kona ya kuelekea mstari wa uwanja, pengine kwa sababu upepo unamsukuma kutoka nyuma, na sasa anaona kuwa ataupita mstari huo. Angeweza kuilaza ndege zaidi, lakini amefundishwa kuogopa kona kali karibu na ardhi. Basi analaza kidogo, na kwa mguu wa ndani anaisukuma pua igeuke upesi. Kipira kinakimbilia nje. Bawa la nje linakwenda kasi kuliko la ndani, ndege inataka kulala zaidi, naye anaizuia kwa kugeuza usukani upande wa pili. Pua inashuka, naye anaivuta juu.

Kufikia hapo ameshakamilisha masharti yote ya ajali. Bawa la ndani linakwenda polepole, na kibawa chake kilichoshushwa kinaongeza pembe yake. Ndilo linaloacha kubeba kwanza. Ndege inabinukia upande huo ghafla, wakati mwingine hadi kupinduka mgongo chini, na kuanza kuzunguka kama pia. Kuitoa Cessna 172 katika mzunguko wa namna hiyo hata baada ya duru moja tu hugharimu futi 1,000 hivi za mwinuko. Katika kona ya mwisho, rubani huwa na futi 500 au pungufu. Hata bingwa hawezi kununua futi ambazo hazipo.

Lau rubani yule yule angekuwa katika mtelezo wa ndani, mambo kwa kawaida yangekuwa tofauti. Bawa la juu ndilo ambalo lingeacha kubeba kwanza, na ndege ingeelekea kujinyoosha kabla ya kubinukia upande mwingine, jambo ambalo humpa rubani nafasi ya kulegeza usukani. Hiyo si ruhusa ya kufanya uzembe. Ndege inayoteleza bado inaweza kuingia kwenye stoli, kipimo cha kasi kinaweza kusoma vibaya kwa sababu hewa haiingii kwa unyoofu, na vitabu vya baadhi ya matoleo ya Cessna 172 huonya dhidi ya mitelezo mikali flapu zikiwa zimeteremshwa zaidi ya nyuzi 20. Lakini inaonyesha kwamba woga wa kona kali, usipoambatana na maarifa, humsukuma mwanafunzi kutoka kwenye hatari ndogo kwenda kwenye kubwa.

Ukanda wetu una kipengele kingine. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ambao ni kitovu cha ndege ndogo katika kanda hii, uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Arusha unakaribia mita 1,400. Hewa ya huko ni nyepesi. Kasi ya stoli inayoonyeshwa na kipimo haibadiliki, lakini mwendo halisi wa ndege angani, kwa kasi ile ile ya kipimo, huzidi ule wa pwani kwa karibu asilimia 10 uwanjani Wilson, na zaidi siku ya joto. Rubani aliyelelewa pwani huona ardhi ikipita upesi kuliko alivyozoea, akadhani anakwenda mbio, akapunguza. Kona yake inakuwa pana kuliko alivyokusudia, anaupita mstari wa uwanja, na kishawishi cha kuisukuma pua kwa mguu kinamjia. Isitoshe, injini isiyo na kifaa cha kuongeza hewa hutoa nguvu pungufu, hivyo kupaa tena baada ya kuahirisha kutua kunahitaji subira na pua isiyoinuliwa kupita kiasi.

Mjadala wa tangu 1949

Je, mwanafunzi afikishwe wapi? Mwaka 1949 Marekani iliondoa sharti la mzunguko wa pia katika mafunzo ya leseni ya rubani binafsi. Hoja zilikuwa mbili. Kwanza, zoezi lenyewe lilikuwa likisababisha vifo. Pili, ilitarajiwa kuwa watengenezaji wangepata msukumo wa kuunda ndege zisizoingia katika hali hiyo kwa urahisi, na shule zingeweka mkazo katika kuizuia badala ya kuiponya. Sharti lilibaki kwa wakufunzi tu.

Hoja hizo haziwezi kupuuzwa. Ajali nyingi za aina hii hutokea chini sana kiasi kwamba hata aliyefundishwa kujitoa asingefaulu. Mwenye kusema kwamba kinga ni bora kuliko tiba ana haki ya kusikilizwa.

Lakini kinga nayo ina masharti yake. Mwanafunzi aliyeonyeshwa stoli mara mbili tatu, katika ndege iliyonyooka, futi elfu kadhaa juu, huku mkufunzi akimtangazia kila hatua, hajaiona stoli itakayomuua. Ile itakuja bila tangazo, katika kona, mikono na miguu ikipingana. Kwa hiyo atakachokuwa amejifunza ni jina la adui na si sura yake.

Matukio mawili ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba pengo hilo linaweza kumfuata rubani hadi kwenye ndege za abiria. Tarehe 12 Februari, ndege ya Colgan Air aina ya Q400 ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu wote 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. NTSB ilihitimisha kwamba usukani ulipoanza kutikisika kuonya juu ya stoli, kapteni aliuvuta badala ya kuusukuma. Tarehe 1 Juni, Airbus A330 ya Air France iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris iliangukia Bahari ya Atlantiki na kuua watu 228. Mirija ya kupima kasi iliziba kwa barafu, mtambo wa kujiongoza ukajiondoa, ndege ikainuliwa pua hadi ikaingia kwenye stoli kutoka futi 38,000 hivi, na ikashuka kwa zaidi ya dakika tatu bila kutolewa katika hali hiyo.

Dunia ilijibu. Marekani ilipitisha sheria mpya ya usalama wa mashirika ya ndege mwaka 2010, na kanuni ya mwaka 2013 ikataka marubani wa mashirika hayo wafanyishwe stoli kamili katika vyumba vya kuigiza safari ifikapo mwaka 2019. Ulaya ilikwenda mbali zaidi: tangu Desemba 2019, anayesomea urubani wa biashara kwa mkondo wa ndege za marubani wawili hutakiwa kupata kozi maalumu ya kuzuia na kujitoa katika hali za hatari, yenye angalau saa tano za nadharia na saa tatu za kuruka na mkufunzi katika ndege halisi. Vigezo vipya vya mitihani vilivyoanza kutumika Marekani mwaka 2016 navyo vilisisitiza kupunguza pembe ya bawa kwanza, badala ya mtazamo wa zamani wa kung'ang'ania mwinuko.

Lakini vigezo hivyo hivyo vya 2016 vilizua malumbano. Zamani mtahiniwa alitakiwa kuonyesha kuwa anaweza kuruka taratibu sana, ukingoni kabisa mwa stoli, mlio wa tahadhari ukilia. Sasa anatakiwa kuruka taratibu bila mlio kulia. Mamlaka ilieleza kuwa haifai kumzoesha rubani kupuuza tahadhari. Wakufunzi wengi wakongwe walijibu kuwa rubani asiyewahi kukaa ukingoni hautambui ukingo. Kila upande una ukweli wake, na pengine suluhisho ni kuutenga mtihani na mafunzo: mtihani upime tahadhari, mafunzo yampeleke mwanafunzi hadi ukingoni akiwa juu, akiwa na mkufunzi mwenye uwezo.

Gharama na utamaduni

Katika kanda yetu mjadala huu hauwezi kutenganishwa na mfuko. Kiambatisho cha kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao nchi zetu zimeuridhia, kinaweka saa 40 za kuruka kuwa kima cha chini cha leseni ya rubani binafsi, au 35 katika shule iliyoidhinishwa, na kinataka mwanafunzi afundishwe kuruka kwa kasi ndogo sana, kuitambua stoli na kujitoa. Kiambatisho hakisemi zoezi hilo lirudiwe mara ngapi. Hilo huamuliwa na shule, mkufunzi na mzazi au mdhamini anayelipa kwa saa.

Mzazi aliyeuza kiwanja ili mwanawe awe rubani ana kila sababu ya kutaka amalize upesi. Mkufunzi kijana, anayekusanya saa ili apate ajira katika shirika, ana kila sababu ya kuepuka zoezi linalomtia wasiwasi yeye mwenyewe. Mwanafunzi anayeona kichefuchefu hana hamu ya kulirudia. Hivyo pande tatu zinakubaliana kimyakimya kupita haraka juu ya somo ambalo pengine ndilo litakaloamua kama kijana huyo atazeeka. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri bajeti kubwa. Mamlaka za usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya, zinaweza kuwapima wakufunzi kwanza, kwa kutaka kila mkufunzi aonyeshe mara kwa mara kwamba anaweza kuingia na kutoka katika stoli ya kona na katika mzunguko wa pia, kwenye ndege inayoruhusiwa na kwa mwinuko salama. Mkufunzi asiyeogopa hatafundisha woga.

Shule nazo zinaweza kuufundisha mtelezo wa ndani mapema, kabla mwanafunzi hajaruka peke yake, ili miguu yake ijue kazi na macho yake yazoee kukitazama kipira. Zinaweza kumwonyesha, akiwa futi 4,000 juu ya ardhi, kona ya mwisho ya kuigiza: hapa ndipo uwanja ulipo, umeupita mstari, utafanya nini? Kifaa cha kuonyesha pembe ya bawa, ambacho Marekani ilirahisisha idhini yake kwa ndege ndogo mwaka 2014, kingeweza kufungwa walau katika ndege za mafunzo.

Lililo muhimu kuliko yote ni utamaduni wa kuahirisha kutua. Rubani aliyeupita mstari wa uwanja hana deni la kumlipa mtu yeyote. Anaweza kunyoosha mabawa, kuongeza nguvu ya injini, kuruka mzunguko mwingine na kurudi. Atapoteza dakika tano na mafuta kidogo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Hata hivyo, mahali ambapo mwajiri huuliza kwa nini mafuta yamezidi, au wenzake humcheka kwa kushindwa kutua mara ya kwanza, rubani hujifunza kulazimisha.

Abiria naye ana sehemu yake. Ndege inapokaribia Unguja, Mafia au Arusha, kisha ikainua pua na kupaa tena, wengi hushika viti na kunong'ona kwamba rubani ameshindwa kazi. Ukweli ni kinyume chake. Huyo ameona kona haijakaa sawa, akaikataa. Anayestahili kutiliwa shaka ni yule anayeibana ndege igeuke kwa nguvu ya mguu ili asichelewe.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Tabia ya mikono na miguu ya rubani hujengwa katika saa 40 za kwanza, ndani ya ndege yenye viti viwili au vinne, kabla hajakabidhiwa abiria 12. Kanuni za usalama zinaweza kuandikwa Montréal, Brussels au Washington, lakini siku ya siku, katika futi 500 za mwisho, rubani atafanya kile alichokizoea. Wanaosimamia mafunzo ya urubani katika nchi zetu wajiulize kama wanajua kwa hakika ni kitu gani wanafunzi wao wamekizoea.